Picha safi, ukumbi unasinzia: filamu hii itaokolewaje?

SWALI: Habari mwalimu. Mimi ni mwongozaji chipukizi hapa Nairobi na nimemaliza mkato wa kwanza (toleo la kwanza lililohaririwa) wa filamu yangu ndefu, dakika 96. Ni hadithi ya mzee mstaafu wa reli anayeishi kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli. Anapata barua ya kumtaka ahame na anaificha asiione binti yake aliyekuja kumtembelea kutoka Mombasa. Niliionyesha kwa watu kama ishirini. Wote walisifu picha, lakini wawili walitoka, wengine walikuwa kwenye simu, na mmoja akaniambia, “Ni nzuri, lakini sikuhisi kitu.” Mpiga picha wangu anasema watu wetu hawajazoea filamu za polepole. Tatizo ni watazamaji au ni mimi? Na inaweza kuokolewa bila kupigwa upya? Pesa zimeisha na nina wiki sita kabla ya kuituma kwenye tamasha. Nimekutumia kiungo uitazame.

JIBU: Dada, inaokoleka, na hutahitaji kuipiga upya. Itakudai siku moja ya kupiga vipande vichache vilivyokosekana, wiki nne za kuhariri bila huruma, na kazi ya sauti ambayo naona hujaianza kabisa. Dakika ninazotaja humu ni za kiungo chako.

Nianze na hili la watu kutozoea. Mpiga picha wako ana jicho, hilo halina ubishi, lakini hapo anajitetea. Watu wa jiji hili hili hukaa dakika 90 wakitazama Gor Mahia na AFC Leopards wakitoka sare tasa, na hakuna anayesinzia, kwa sababu kila mpira unaovuka nusu ya uwanja huenda ukawa bao. Mwendo wa polepole hauchoshi. Kinachochosha ni kukaa bila kitu cha kungojea.

Ushahidi upo. Filamu ya Chantal Akerman ya mwaka 1975 kuhusu mama wa Brussels, Jeanne Dielman, ina dakika 201. Sehemu kubwa yake ni mama huyo akipika, akiosha vyombo, akizima taa kila anapotoka chumbani. Kamera haisogei. Mwaka 2022 wahakiki waliopigishwa kura na jarida la Sight and Sound waliiweka ya kwanza duniani. Kinachoibeba ni utaratibu: siku ya kwanza tunafundishwa jinsi mama huyu anavyofanya kila kitu, na siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi. Basi. Kuanzia hapo kila swichi na kila kifungo cha nguo kinatutia wasiwasi, kwa kuwa tunajua mambo yalivyopaswa kwenda. Filamu yako ina jikoni na ina utulivu, ila haina viazi.

Tena ilikuwa navyo, ukavificha. Barua inaonekana dakika ya 52, binti anapoinua trei. Uliificha ili itushtue, na kweli inatushtua, kwa muda wa kama sekunde kumi. Kabla ya hapo tumekaa karibu saa nzima na mzee anayechemsha chai, anayetembea kando ya reli, anayeketi barazani, na hatujui kwamba ana lolote moyoni. Tunachoona ni mzee mtulivu. Kumbe ni mzee anayeficha, na hao ni wahusika wawili tofauti hata kama uso ni mmoja.

Isogeze barua ije kabla ya dakika ya 6. Mzee yuko peke yake, anaifungua, tunaona maneno “siku 30”, anaiweka chini ya trei. Mlango unabishwa, binti anaingia na begi lake. Sisi tunajua, yeye hajui. Hapo umepata dakika 70 za kungojea kwa shoti moja tu mpya, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa: barua ikisomwa.

Sasa itazame tena ile shoti ya dakika ya 19 ambayo najua unaipenda kuliko zote. Sekunde 47. Kikombe cha bati kiko kwenye kizingiti cha dirisha, mvuke unapanda kwenye mwanga wa asubuhi, na nyuma yake, nje ya fokasi, binti anapima dirisha kwa utepe wa fundi ili anunue pazia jipya. Anasema, “Andika, baba. Futi nne na nusu.” Mzee anatoa karatasi mfukoni na kuandika. Katika mkato wako huo ni mvuke mzuri na watu wawili nyuma yake. Barua ikishaonekana, yule ni mzee anayeandika vipimo vya pazia la nyumba atakayotolewa kabla ya mwezi kwisha, na ndipo mtu anatamani kupaza sauti ukumbini. Ongeza shoti moja tu ya karibu, sekunde nne: mkono wake unaandika “4½” nyuma ya bahasha yenyewe. Fremu nyingine zote zibaki kama zilivyo. Sekunde zote 47 utazihitaji, na hakuna atakayelalamika.

Hivyo ndivyo nitakavyoitazama filamu yako yote: je, shoti hii inategemea iliyoitangulia? Shoti zako nyingi hazitegemei chochote. Ukiondoa moja na kuipeleka dakika kumi mbele, hakuna kinachoharibika. Hilo ndilo tatizo lenyewe, na uzuri wake ndio umekuzuia kuliona.

Kabla hujagusa kompyuta, nunua karatasi za manila, uzikate vipande vya ukubwa wa kiganja, kimoja kwa kila onyesho. Kwenye kila kadi andika mambo matatu tu: nani anajua nini onyesho linapoanza, nini kimebadilika linapoisha, na mtazamaji anatoka akingojea nini. Usiandike “mandhari”, usiandike “hisia”. Kadi ambayo umeshindwa kuijazia jambo la pili, itie alama nyekundu. Kisha zipange zote ukutani na urudi nyuma hatua mbili. Kadi moja nyekundu ni pumziko, wala si dhambi. Nyekundu tatu zikifuatana, hapo ndipo watu hutoa simu. Kwenye mkato wako kuna msururu wa aina hiyo dakika ya 24 hadi ya 31, na mwingine baada ya dakika ya 70.

Kadi nyekundu si lazima uitupe. Mara nyingi unaiozesha kwa jirani yake. Matembezi ya dakika ya 27 kando ya reli ni picha tamu isiyo na habari; simu anayompigia mwenzake wa zamani dakika ya 33 ni habari nzito iliyopigwa kwenye kitanda, ukuta mtupu, mwanga wa balbu. Chukua sauti ya simu uilaze juu ya matembezi. Mzee yuko mbali, mdomo hauonekani, hakuna atakayegundua. Umepunguza dakika mbili na nusu, na shoti pana sasa ina sababu ya kuwa pana: mtu anazungumzia mahali anapopita.

Ukimaliza kadi, nadhani utabaki na dakika 76 hadi 80. Usiogope. Matamasha mengi huhesabu filamu ndefu kuanzia dakika 60 au 70, na hakuna mchaguzi wa filamu aliyewahi kuikataa nzuri kwa kuwa ilikuwa na dakika 78.

Unapofika kwenye kompyuta, jinyime uzuri makusudi. Tengeneza nakala nyepesi za mafaili yote, upana wa pikseli 960 unatosha, zigeuze nyeusi na nyeupe, zima muziki wote, na uhariri kwenye dirisha dogo la programu. Sababu ni kwamba picha nzuri humhonga mhariri: unaiacha iendelee kwa kuwa inapendeza, ukidhani inaendelea kwa kuwa inafanya kazi. Shoti ikikushika ikiwa ndogo, ya kijivu na kimya, itamshika mtu yeyote. Kisha fanya majaribio mawili ya dakika kumi kumi. Zima skrini usikilize tu. Halafu washa skrini uzime sauti. Kwenye filamu yako jaribio la pili linafaulu na la kwanza linaanguka vibaya, nami nitarudi hapo.

Kuhusu urefu wa shoti: zako karibu zote zina sekunde 12 hadi 15, ziwe na kitu au zisiwe nacho. Mdundo wa namna hiyo hulaza hata mtu aliyekunywa kahawa. Weka alama tatu kwenye kila shoti ndefu. Ya kwanza ni pale jicho linapomaliza kuisoma fremu, mara nyingi sekunde mbili au tatu kwa shoti pana. Ya pili ni pale kitu kinapobadilika ndani yake. Ya tatu ni pale mtazamaji anapoanza kutangatanga pembezoni mwa fremu. Kama alama ya pili haipo, kata muda mfupi baada ya ya kwanza. Kama ipo, kaa, hata sekunde arobaini, lakini ondoka kabla ya ya tatu. Walter Murch, mhariri wa Marekani, alipanga mambo sita ya kuangalia unapokata: hisia akaipa asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, na mengine matatu, yanayohusu jicho linatazama wapi na nafasi ndani ya fremu, yakagawana 16 zilizobaki. Uzuri wa fremu haumo kabisa katika orodha hiyo. Wewe umekata kwa uzuri kwanza, na mengine yakafuata yalivyoweza.

Angalia manukuu pia. Mazungumzo yako ni ya Kiswahili na Kiluhya, na wachaguzi wa nje watasoma Kiingereza. Manukuu yasizidi mistari miwili, kila mstari usizidi herufi 42 hivi, na msomaji apewe muda wa herufi 12 hadi 17 kwa sekunde. Dakika ya 41 binti anamwaga maneno na umeweka herufi kama 70 kwa sekunde mbili. Hakuna binadamu anayesoma kasi hiyo, na anayejaribu haoni uso wa mzee kabisa. Fupisha tafsiri. Anachosema binti pale ni kwamba atarudi Desemba. Mengine yanaweza kubaki sauti tu.

Treni. Zimepita mara 11, kwa wastani sekunde 22, yaani dakika nne za treni. Natambua kwa nini: mpiga picha yeyote akipewa reli na ukungu wa asubuhi hatalala. Bakisha tatu. Ya kwanza itufundishe kwamba mzee husimama na kutazama saa yake kila treni inapopita, kama alivyofanya maisha yake yote kazini. Ya pili irudie hivyo hivyo, kwa ufupi zaidi. Ya tatu ipite na yeye asigeuke. Hivyo ndivyo viazi vyako, na tayari unavyo: dakika ya 64 treni inapita nyuma yake akiwa anahangaika na kufuli, wala hageuki. Umeikata baada ya sekunde tatu ili utuonyeshe maua ya mjakaranda. Irefushe hadi behewa la mwisho. Maua yatoke.

Sasa nyuso. Kamera imemkaribia mzee mara mbili tu katika filamu nzima. Kwingine kote yuko mita tatu au zaidi, kwa lenzi pana, mgongo au ubavu. Ndiyo maana yule mtu alisema hakuhisi kitu. Karibu miaka mia iliyopita Lev Kuleshov, mwongozaji wa kule Urusi, aliunganisha uso ule ule wa mwigizaji na bakuli la supu, kisha na jeneza, na watu wakausoma kila mara kwa namna nyingine. Uso pamoja na kile unachokitazama: hiyo ndiyo mashine ya hisia ya sinema, na wewe umetuonyesha kinachotazamwa bila uso.

Anza kwa kutafuta ulichonacho. Rudi kwenye mafaili ghafi na utazame sekunde zilizo kabla ya kusema “anza” na baada ya kusema “kata”. Waigizaji wazee, hasa wale wa jukwaani, hupumzika hapo, na uso unaopumzika mara nyingi una ukweli kuliko uso unaoigiza. Huenda ukapata nusu ya unachohitaji bila kutoa shilingi.

Nusu nyingine ni ile siku moja ya kupiga. Watu wanne wanatosha pamoja na waigizaji: wewe, mpiga picha, mtu wa sauti, na mmoja wa kubeba vitu na kuangalia mwendelezo, yaani kila kitu kifanane na kilichopigwa mwanzo. Huhitaji kurudi kwenye nyumba za reli. Shoti zote ni za karibu, kwa hiyo ukuta wa mita moja uliopakwa rangi ile ile, trei ile ile, kikombe kile kile na shati lile lile vinatosha. Hakikisha mzee hajanyoa ndevu zikawa tofauti na saa iko mkono ule ule. Unahitaji: barua ikisomwa, mkono na bahasha, mkono wa binti ukigusa trei bila kuinua (hiyo iweke dakika kumi kabla ya kuinua kwenyewe, utanishukuru), na uso wa mzee akimsikiliza binti akiimba chumba cha pili. Hiyo ya mwisho ipige dakika mbili mfululizo bila kukata, na usimwambie ahuzunike. Mpe kazi: ahesabu vyumba vyote alivyowahi kulala tangu utoto. Macho yatafanya yenyewe.

Tumia lenzi ndefu kiasi, milimita 50 au 85, lakini kimo cha kamera kiwe kile mlichotumia mwanzo. Mlipiga fremu 24 kwa sekunde, basi shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukipanda 1/60 balbu za ndani zitaanza kupepesa kwenye picha. Tatizo hilo hulioni kwenye skrini ndogo ya kamera, unaliona ukumbini. Mwanga wa dirisha wa saa tatu hadi saa tano asubuhi, kupitia kitambaa cheupe chepesi, utafanana na ulichonacho. Usipange shoti ya nje. Mjakaranda wa Nairobi huchanua sana kati ya Septemba na Novemba. Ukipiga mwezi mwingine miti itakusaliti. Kama lazima utoke, hata mkiwa wanne bado ni upigaji filamu: Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inadai leseni, na kwenye ardhi ya reli utahitaji pia ruhusa ya wenyewe.

Nikiwa bado kwenye mwanga, niseme kitu ambacho nadhani ndicho chanzo cha haya yote. Nairobi iko kiasi cha nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, na jua letu hushuka karibu wima. Ile nuru ya dhahabu ambayo kule kaskazini mwa dunia hukaa saa nzima au zaidi wakati wa kiangazi, kwetu huondoka kwa nusu saa hivi. Vivuli vyako vinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya maonyesho ya nje yalipigwa ndani ya nusu saa hiyo. Hesabu: kusimika kamera dakika kumi na tano, zinabaki kumi na tano, zinatosha kurudia mara mbili, labda tatu. Mwigizaji hajapata joto na tayari giza linaingia. Umepata nuru bora na uigizaji wa majaribio ya kwanza tu. Kwenye filamu ijayo wape waigizaji saa za mchana zenye mawingu, hasa Julai na Agosti ambapo Nairobi huwa kijivu na mwanga ni laini siku nzima, na dhahabu uiwekee maonyesho mawili yasiyo na maneno.

Kwa filamu hii, dawa iko kwenye rangi. Kila siku katika hadithi yako inaonekana jioni ile ile, kwa hiyo zile siku 30 hazipiti. Punguza dhahabu kote, acha maonyesho ya katikati yawe baridi kidogo na bapa, na uirudishe dhahabu mara mbili tu: siku binti anapofika na siku mzee anapokiri. Nyuso nazo ziko gizani mno. Ngozi nyeusi ikikaa chini ya asilimia 20 kwenye grafu ya mwangaza, kwenye skrini yako nzuri inaonekana ya kishairi, lakini ukumbi wowote wenye mapazia mabovu na projekta iliyochoka utaimeza. Ipandishe hadi 35 hadi 50 na uache ukuta nyuma ubaki mweusi. Kivuli utabaki nacho, na macho tutayaona.

Sauti ndiyo iliyonisikitisha zaidi, kwa kuwa ni ya bei nafuu. Umeweka kinanda cha huzuni juu ya karibu kila mandhari, kuanzia dakika ya 2. Muziki unatuambia tuhuzunike kabla hatujapewa sababu, na mtazamaji anayesukumwa hivyo hujifunga. Uondoe wote. Kisha nenda na rekoda usiku, asubuhi na mchana, urekodi angalau dakika moja ya ukimya wa kila mahali: chumba, baraza, kando ya reli. Kisha tafuta sauti zenye kazi: makanga wakiita abiria kwa mbali, adhana, mvua kwenye mabati, redio ya jirani, ufunguo kwenye kufuli. Halafu ongeza moja ambayo hukuipiga picha kabisa: tingatinga. Dakika ya 15 isikike mbali sana, mtu asiwe na uhakika. Dakika ya 38 iwe wazi kidogo, binti aulize ni nini (una shoti yake akigeuka kuelekea dirishani, mliipiga kwa ajili ya mbwa), na mzee aseme wanatengeneza barabara. Kwenye dakika ya 60 glasi zitetemeke. Hadithi nzima ya kubomolewa utaisimulia bila kukodisha hata gurudumu moja.

Unapopita kutoka onyesho moja hadi jingine, acha sauti ya linalofuata itangulie picha kwa sekunde moja au mbili. Mikato yako sasa sauti na picha hukatika pamoja, kila mara, na ndiyo maana filamu inaonekana kama maonyesho ya picha za ukutani.

Najua utajaribiwa kuongeza sauti ya msimulizi, kila mtu hujaribiwa. Kuna mfano maarufu wa kuokoa filamu kwa njia hiyo: Days of Heaven ya Terrence Malick, 1978, iliyopigwa sehemu kubwa wakati wa machweo, na Néstor Almendros akapata Oscar kwa picha zake. Uhariri ulichukua kama miaka miwili, na kilichoishikilia mwishowe ni sauti ya msichana, Linda Manz, iliyoongezwa wakati huo huo wa kuhariri. Lakini sikiliza anachofanya: haelezi tunachokiona wala anachojisikia, anasema mambo ya pembeni, ya kitoto, wakati mwingine yasiyolingana na picha. Mzee wako akianza kutuambia “nilijihisi mpweke”, umeipoteza. Akisoma kwa sauti ratiba ya treni za mwaka aliostaafu, huenda ikafaa. Jaribu mwisho kabisa, baada ya barua kusogea, nadhani hutaihitaji.

Ukishafika mkato mpya, waonyeshe watu 8 hadi 12 ambao hawakuiona ya kwanza na hawafanyi kazi ya filamu. Wana kwaya au chama cha mama yako watakufaa kuliko wanafunzi wa filamu, ambao watakusifia lenzi. Keti pembeni unapoona nyuso badala ya skrini, na uandike dakika kila simu inapowaka, kila mtu anapobadilisha mkao. Baadaye usiulize “Mmeionaje?” Watakwambia picha ni safi. Waulize mzee alikuwa anataka nini, filamu ilipofika nusu saa walidhani kitatokea nini, wapi walidhani filamu imeisha. Wakikupa ushauri wa kurekebisha, andika, shukuru, na usiufuate moja kwa moja. Wanajua wapi pameuma, hawajui kwa nini. Na kumbuka kwamba uchovu wa dakika ya 40 mara nyingi umesababishwa na kitu kilichokosekana dakika ya 20. Usikate pale walipochoka kabla ya kuangalia nyuma.

Kuhusu mwisho: una miisho mitatu. Mzee anafunga mlango, mzee anakaa kituoni, droni inapanda juu ya jiji. Maliza kwenye mlango, ufunguo ukiwa bado unazunguka, na ukate sauti pamoja na picha. Hapo pekee ndipo nakuruhusu. Droni itoke yote. Hakuna mhusika aliye juu pale.

Mpiga picha wako atakasirika, na ana haki kidogo. Utakuwa umeondoa takriban dakika 17, nyingi zikiwa kazi yake bora. Keti naye kabla hajaiona ukumbini, umwonyeshe ile shoti ya kikombe ndani ya mkato mpya kwanza, kisha treni ya tatu. Mpe mafaili ghafi ya shoti zote zilizotoka, zikiwa na rangi iliyokamilika, azitumie kujitafutia kazi, na muandikiane kwamba ataziweka hadharani baada ya onyesho la kwanza la tamasha tu. Mkato wa dakika 96 usiufute. Uhifadhi kwenye diski mbili tofauti, moja ikae kwake.